Hazadi ya upande mmoja: kesi ya lori la Tluway kwenye ukungu wa Ngorongoro

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na ninyi wengine marahaba nimeipokea.

Mimi ni mzee. Shule niliishia darasa la nne, naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, herufi ikikimbia mnivumilie. Nitasema niliyoyaona. Niliyoambiwa nitasema nimeambiwa. Majina nimebadilisha kwa sababu wenyewe wana wajukuu.

Jana nimesoma uzi wa kijana mmoja humu, analalamika akiwasha hazadi, zile taa za tahadhari za pande zote mbili, kwenye gari yake upande mmoja hauwaki, kesho yake zinawaka zote. Wakamwambia anunue flasha, kile kidude kinachozifanya taa ziwake na kuzima. Wengine wakamcheka, wakamwambia aipeleke kwa mganga.

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa. Hiyo habari kwangu haina mstari mmoja.

Nianze na punda.

Baba yangu kule Mbulumbulu alikuwa na punda jike, kijivu, jicho la kulia limekufa. Kuna waliosema alichomwa na mwiba, baba alisema alimnunua hivyohivyo. Kazi yake ilikuwa kubeba mahindi mpaka mashine ya kusaga Karatu. Ukimpita kwa kulia bila kukohoa anaruka na gunia linamwagika. Kwa hiyo nilikuwa natembea kulia kwake, bega langu kwenye mbavu zake, anisikie. Baba akikutana na watu njiani anawaambia piteni kushoto, huku kwingine haoni.

Alikuwa punda mzuri. Hakuwa mbishi kama punda wa Wamasai, ambao, samahani kama kuna Mmasai humu, wana dharau.

Fisi walimla. Alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba, na nyayo zilionyesha walimjia kwa upande ule ule.

Basi punda akiwa hayupo, baba akaniacha Karatu kwa mwenye mashine, nibebe magunia ya watu, na shule ikaishia hapo. Mwenye mashine alikuwa na injini ya dizeli inayokohoa. Nikajifunza kukohoa nayo. Kutoka injini ya mashine nikaenda kwenye injini za trekta za ngano, kutoka trekta nikaangukia gereji ya Mzee Shirima, mtu wa Kilimanjaro aliyekuja kutafuta maisha kwetu. Gereji ni neno kubwa. Lilikuwa banda la mabati na shimo la kuingia chini ya gari.

Pale ndipo nikawa fundi wa umeme wa magari. Si kwamba nilisomea. Mafundi wengine walikuwa wanaogopa kupigwa shoti.

Miaka ninayosema ni mwanzoni mwa themanini, vita imeisha, vitu hakuna. Sabuni foleni, sukari foleni, gari binafsi Jumapili mchana haliruhusiwi kutembea. Balbu ya gari ilikuwa kitu cha kuombana kama mbegu. Gari likilala gereji muda mrefu unalikuta halina macho, wenzake wameazima.

Sasa kuna jambo moja lazima niwaeleze, maana bila hilo hamtaelewa kesi.

Ukiwa nyuma ya lori kwenye mlima huoni mbele. Anayeona ni dereva wa lori. Akikuwashia indiketa ya kulia anakuambia kaa, kuna kitu kinakuja. Akikuwashia ya kushoto anakuambia pita, njia nyeupe. Unapita, unapiga honi kidogo ya asante, maisha yanaendelea.

Hilo halikuandikwa kwenye kitabu. Lakini kutoka geti la Lodoare kupanda mpaka ukingo wa kreta, kona juu ya kona, msitu huku na bonde huku, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Na ilikuwa sheria ya heshima. Kumpa mtu kushoto ni kumpa neno lako.

Basi kulikuwa na madereva wawili, majirani, wote wa kigongo chetu, ule mgongo wa mlima wa Mbulumbulu.

Mmoja Tluway. Mrefu, maneno machache, aliendesha lori la tajiri mmoja wa Karatu. Akipeleka mahindi Wasso, na mara kwa mara anapakia chumvi ya ng'ombe kutoka ziwa Eyasi, yale magadi ya kulambisha mifugo, anawapelekea wafugaji wa Olbalbal.

Mwingine Baran. Huyu mcheshi, mwimbaji wa kwaya, ana pikapu yake iliyochakaa anayouzia maharage.

Walikuwa marafiki mpaka ilipokuja habari ya ndama.

Kwetu Wairaqw ng'ombe wa mtu hawakai boma moja. Unampeleka jike wako kwa jirani, jirani anakunywa maziwa na anapata samadi, ndama ni wako. Ndama akifa, jirani anakuletea ngozi. Ngozi ndiyo mdomo wake, inasema hakuuza, hakuchinja kwa siri, amekufa kweli. Baran aliweka ng'ombe kwa Tluway, akazaa, ndama akafa kwa ugonjwa. Tluway akaleta ngozi.

Baran akaigeuza geuza, akasema mbele za watu, "Ngozi zote zikikauka zinafanana."

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini mnajua kwetu maneno ya namna hiyo yanavyokaa. Tangu siku ile walisalimiana kwa mbali. Wazee hawakuliamua, walisema litapoa lenyewe. Wazee wetu nawaheshimu, lakini kitu kikiachwa kipoe chenyewe mara nyingi kinaganda.

Samahani wakuu, nilikwenda kuwafungia mbuzi. Naendelea.

Ilikuwa masika, asubuhi. Tluway anapanda na mzigo wa mahindi chini na chumvi juu. Ukungu wa pale juu waliozoea kupita wanaujua, haushuki kama mvua, unakuja umesimama kama ukuta. Lori limeelemewa, linatambaa gia ya kwanza. Tluway akawasha taa ndogo, halafu akawasha hazadi, aonekane. Utingo wake alikuwa juu ya mzigo amejifunika turubai, hakuona kitu mpaka aliposikia kelele.

Nyuma akaja Baran na pikapu. Ana maharage, na pembeni yake mke wake, Maria, anakwenda kumwona mdogo wake aliyejifungua Wasso. Alikuwa amebeba unga wa uji na kitenge kipya.

Baran alilitambua lori. Na akaona kushoto inawaka.

Sasa haya nimeyasikia kwa masikio yangu, Baran mwenyewe aliyasema kaburini, mkono wake umefungwa bendeji shingoni, hata haimbi tena.

Alisema, "Alinipa kushoto. Nikangoja, nikasema labda amekosea. Ikaendelea kuwaka. Nikamwambia Maria, unaona, Tluway amenisamehe. Nikapita."

Akapita. Katikati ya kupita, kukatokea gari linashuka, taa zake kwenye ukungu kama macho ya ng'ombe. Baran akakata kulia zaidi ili asigongane nalo, na kulia ndiko kwenye bonde. Lile gari la kushuka halikusimama, mpaka leo halijulikani. Baran alirushwa nje. Maria alishuka na pikapu.

Tluway ndiye aliyeshuka bondeni kumtoa Maria. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Alikuwa bado anapumua, akafia kwenye lori juu ya magunia ya chumvi, wanamrudisha Karatu.

Siku ya maziko Tluway alikuja. Akasimama nyuma ya watu wote. Baran aliposema yale maneno, watu hawakugeuka kumtazama. Walisogea tu. Yule aliyekuwa karibu naye akasogea kidogo, na wa pili yake akasogea, mpaka pale alipo pakawa uwanja.

Polisi walilikagua lori. Sitaki mtu awabeze, walifanya kazi yao. Lilisimamishwa uwanjani kwao, jua kali, halina mzigo. Wakamwambia washa kulia, ikawaka. Kushoto, ikawaka. Hazadi, zikawaka zote nne. Wakaandika taa nzima, ajali ya ukungu, wakamwachia Tluway aende.

Kumbe kule kuachiwa ndiko kulikommaliza. Kama taa ni nzima, basi Baran aliona nini? Mtu mwenye mkono uliovunjika na mke aliye kaburini anadanganya ili iweje? Basi Tluway alimpa kushoto. Alimwita apite kwenye kifo kwa ajili ya ngozi ya ndama.

Ndivyo kigongo chote kilivyosema. Walisema kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko kupiga kelele.

Wazee wakakaa. Wakatoa muda mpaka Jumapili moja baada ya misa. Ikifika hapo jina la Tluway halijasafishika, atatengwa. Vijana wa siku hizi hamjui kutengwa. Hakuna faini. Ni kwamba hakuna anayekuja kwako kuazima moto, wala wewe huendi. Ng'ombe wako hawachanganywi malishoni. Ukifa, wanao wakuchimbie wenyewe. Unaishi hapo hapo, na hupo.

Shemeji zake hawakungoja Jumapili. Walikuja wakamchukua dada yao na watoto, wakasema atarudi siku jina likirudi.

Lori lilikuwa gereji kwetu, tajiri anataka liangaliwe kabla ya kurudi barabarani. Tluway akaja asubuhi, hakukaa, alisimama mlangoni mwa banda.

Nikamwambia karibu ndugu yangu. Hakuingia. Nadhani alikuwa ameshaanza kujizoeza.

Akasema, "Fundi, mimi sikumpa kushoto. Nilikuwa nimewasha hazadi. Hata sikujua kuna gari nyuma yangu."

Nikamwambia nimesikia.

"Basi kama taa ni nzima, mimi ni muuaji. Itafute hitilafu."

Nikaitafuta.

Hapa ndugu yangu wa jana mwenye gari la hazadi usikilize.

Nilianza na balbu. Nzima zote, nikazibadilisha, kulia nikapeleka kushoto, hakuna tofauti. Nikaenda kwenye flasha. Lori lile lilikuwa na flasha mbili, moja ya indiketa na moja ya hazadi. Ile ya indiketa balbu moja ikifa inakimbia, tikitikitiki, dereva anajua kuna jicho limekufa. Ile ya hazadi ni nzito, imetengenezwa kubeba taa zote, haijali. Jicho life lisife inalia vilevile. Kwa hiyo dereva ndani hawezi kujua. Hilo nikaliweka moyoni.

Nikafungua swichi, nikasafisha. Nikafuata waya kutoka kibini kwa dereva mpaka nyuma, nyaya zote, natambaa chini na taa ya kupimia mdomoni. Moto wa umeme unafika. Kila mahali moto unafika.

Nikakaa na lile lori mpaka watu wakaanza kunitania. Mzee Shirima akisimama juu ya shimo ananiambia, "Fundi, umelioa hilo? Tuambie tutoe mahari." Nikamjibu lina wivu, asilisogelee. Tukacheka, halafu tukaacha, maana Tluway alikuwa anapita nje ya uzio, na tulijua anasikia.

Ijumaa nikawa sina pa kushika tena. Nikamwita Tluway.

Nikamwambia panda. Sitaki uniwashie taa. Nataka ufanye kama ulivyofanya siku ile, kitu kwa kitu, usiruke hata kimoja. Wewe unapanda mlima, ukungu umekuja. Mkono wako ulikwenda wapi kwanza?

Akafumba macho kidogo. Mkono ukaenda kwenye taa ndogo. Akawasha. Halafu hazadi.

Mimi nikazunguka nyuma.

Wakuu, nikaona.

Kushoto inawaka inazima, inawaka inazima, rangi ya chungwa safi. Kulia kimya. Hata ile nyekundu ndogo ya kulia ilikuwa hafifu, kama kaa linalokufa. Kwa mtu aliye nyuma, hasa kwenye ukungu, lori lile lilikuwa linasema neno moja tu. Pita.

Nikamwambia zima taa ndogo, acha hazadi. Kulia ikafufuka. Dhaifu, lakini inawaka. Washa taa ndogo. Ikafa.

Nieleze kidogo. Moto ukishaingia kwenye balbu lazima urudi, na unarudi kupitia bodi ya gari, kwenye bolti inayofunga waya wa hasi, mafundi wengine mnaita earth. Bolti ikiliwa na kutu moto haupati njia ya nyumbani. Basi unaazima. Unapita kwenye balbu ya jirani iliyozimwa, unarudi kwa mlango wa nyuma, na taa inawaka kidogo, unadhani ni nzima. Lakini ukiwasha na ile ya jirani, mlango wa nyuma umefungwa. Ndiyo maana polisi waliona zote nne. Mchana wa jua nani atapima ukali wa taa, na nani atawasha taa ndogo saa sita?

Nikaingia chini ya kona ya kulia na tochi. Bolti ilikuwa nyeupe kama imepakwa unga.

Chumvi. Magadi ya Eyasi. Lile bodi lilikuwa na ufa kwenye kona ile, magunia yakilowa yanachuruzika pale pale, safari baada ya safari. Chumvi waliyokuwa wanapelekewa ng'ombe ilikuwa inalamba lori.

Mkono wangu ulikwenda kwenye spana wenyewe. Fundi akiona kutu ni kama mama akiona kamasi, anafuta kabla hajafikiri. Nikauzuia. Nikikwangua hapa, nimetengeneza taa na nimepoteza shahidi. Nani ataniamini kwamba ilikuwa imekufa?

Nikamwambia Tluway aje aangalie. Akaja nyuma, akaiangalia ile taa ya kushoto peke yake, ikiwaka na kuzima usoni kwake. Nilitegemea atafurahi.

Akauliza, "Alikuwa anaona hii?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Halafu akamwambia Maria nimemsamehe." Akaondoka kwenda kukaa kibini.

Jumapili tulikwenda na lori Mbulumbulu hivyo hivyo na ubovu wake, asubuhi mapema kabla ya saa zile za katazo, ingawa lori halikuwa gari binafsi, tajiri alikuwa mwoga. Baada ya misa wazee wakakaa kwenye majani chini ya kanisa. Mzee aliyeongoza ni Mzee Qamara, alikuwa na sauti ndogo, lazima watu wote wanyamaze ili asikike, nadhani alifanya makusudi.

Nilieleza. Nikaona hawaelewi habari za moto kurudi nyumbani, na sikuwalaumu. Nikaomba kitu kimoja, Baran asimame nyuma ya lori, mahali pikapu yake ilipokuwa.

Baran akakataa kwanza. Mzee Qamara akamwambia, "Mwanangu, hukuombwa usamehe. Umeombwa uangalie."

Akaenda. Mvua ya manyunyu ilikuwa inaanza, na wingu limeshuka kwenye kigongo, ikawa kama Mungu naye ametaka tuone vizuri. Tluway akapanda kibini. Akawasha taa ndogo. Akawasha hazadi.

Watu walijaa nyuma ya Baran. Wanawake nao. Flasha ilikuwa inasikika mpaka nje, tak, tak, tak.

Baran akasema, "Ndiyo hiyo."

Akarudia, kwa sauti ya mtu anayezungumza usingizini, "Ndiyo hiyo hiyo."

Nikamwomba Mzee Qamara mwenyewe apande kibini aone mkono wa Tluway uko kwenye nini. Tulimsukuma matakoni, ngazi ilikuwa juu, watu wakatabasamu kidogo. Akaona hazadi imewashwa. Akashuka, akazunguka nyuma, akaona kushoto peke yake. Akarudi mbele, kulia inawaka pamoja na kushoto. Akarudi nyuma. Alizunguka lile lori kama mtu anayetafuta mlango.

Hapo ndipo nikachukua spana. Nikafungua ile bolti mbele yao, nikawawekea mkononi. Wakaipitisha mmoja mmoja. Mama mmoja akailamba, akasema, chumvi. Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi.

Tluway akawasha tena. Zote mbili.

Baran alikuwa hajasogea. Akamwambia Tluway aliyekuwa ameshashuka, "Kwa hiyo hukunipa."

"Sikukupa. Sikukuona."

"Wala hukunisamehe."



Sasa wakuu, somo nalitoa hapa kabla ya mwisho, kwa sababu mwisho wenyewe hauna somo, au unalo na mimi sijalijua.

Ndugu wa jana, usinunue flasha. Tafuta bolti ya hasi ya upande unaokufa, ikwangue, uipake grisi. Na ukitaka kupima taa usipime moja moja. Washa zote kwa pamoja, kanyaga breki, na mtu asimame nyuma akuambie anaona nini. Wewe uliye ndani hujui gari lako linasema nini kwa watu wa nyuma. Kama unabeba chumvi, samaki au mbolea, fanya hivyo kila unaposhusha mzigo. Na ukiona kushoto ya lori kwenye ukungu, usiiamini. Hata kama unamjua dereva. Ngoja uone kwa macho yako.

Mafundi mliomo humu nisahihisheni nilipokosea. Madereva wa njia ya kaskazini, semeni kama ile sheria ya kushoto na kulia bado ipo, maana mimi siku hizi sitoki. Na kama kuna mtu humu babu yake alikuwa dereva, mrefu, Mwiraqw wa Mbulumbulu, asiyependa kusimulia habari za kwao, aniandikie. Mkewe naye tulisikia aliondoka kwao na watoto kimya kimya, tukatumaini amejua mume wake aliko. Sitaki kitu, nataka kujua tu kama alipata pa kukaa.

Maana siku ile ilikwenda hivi.

Mzee Qamara alisema jina limesafishika. Kibuyu cha pombe ya mtama kilikuwa tayari, kumbe wanawake walikuwa wameipika kwa matumaini, hilo lilinigusa. Desturi ni kwamba wagomvi wawili wanakunywa kwanza, kibuyu kimoja, halafu watu wote. Baran akakishika kwa mkono wake mzima. Akanywa. Akamnyooshea Tluway. Alikuwa analia, na hakufuta machozi kwa sababu mkono mwingine ulikuwa kwenye bendeji na huu una kibuyu.

Tluway hakukipokea wala hakukikataa. Alitutazama. Alitutazama wote, pamoja na mimi.

Akasema, "Mwaka ule nilileta ngozi. Leo nimeleta taa. Kesho mtataka nini?"



Akaenda kwenye lori. Mimi nikadhani anazima swichi, na kweli alizima, flasha ikanyamaza. Funguo akaziacha palepale. Akatoa koti lake nyuma ya kiti, akalikung'uta, akalivaa kwa sababu ya manyunyu. Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto.

Akashika njia ya kuteremka. Mtu mmoja akasema anakwenda kwa shemeji zake kumchukua mkewe, mwacheni, kibuyu kitangoja. Kikangoja. Povu likalala. Baran bado amekishika.

Tulimwona mpaka kwenye kona ya miti ya miwati, akaingia kwenye wingu, na hatukumwona tena.